Metali nzito kwenye mashamba yaliyowekwa tope la majitaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wakulima wa pembezoni mwa miji, watu wenye bustani za mboga, na wazazi wanaonunua mboga hizo sokoni. Jambo moja litangulie. Vimelea vya magonjwa vilivyomo kwenye tope hufa kwa muda, jua na joto. Metali hazifi wala haziozi. Kinachoshuka shambani kinabaki shambani kwa vizazi, kwa hiyo uamuzi wa maana hufanywa kabla lori halijamwaga.

Tope la majitaka ni nini, na kwa nini wakulima wanalitaka?

Maji ya vyooni, jikoni na viwandani yakipita kwenye mtambo au mabwawa ya kusafishia, uchafu mzito huzama chini. Uchafu huo ukichotwa na kuanikwa, ndilo tope la majitaka. Likikauka hufanana na udongo mweusi, harufu yake hupungua, na ndani yake mna naitrojeni, fosforasi na mabaki ya viumbe yanayoufanya udongo ushike maji. Mkulima aliyeshindwa na bei ya mfuko wa DAP ana sababu nzuri ya kulitafuta. Kampala, mtambo wa Lubigi ulioanza kazi 2014 hupokea tope la vyoo vya shimo na matangi, hulikausha, na wakulima hulinunua. Milwaukee, Marekani, wamekuwa wakikausha tope la mji na kuliuza kama mbolea tangu 1926.

Sipingi matumizi hayo. Fosforasi ikiachwa itiririke ziwani tunapata hasara mara mbili: shamba linakosa rutuba na ziwa linajaa magugu maji. Ninachopinga kwa nguvu zote ni tope kumwagwa kwenye shamba la chakula bila mtu yeyote kujua kilichomo.

Metali nzito ni zipi, na zinaingiaje humo?

Zinazofuatiliwa karibu kila nchi ni kadimi, risasi, zebaki, nikeli, shaba, zinki, kromi na arseniki. Shaba na zinki mimea na watu wanazihitaji kwa kiasi kidogo. Kadimi, risasi na zebaki hazina kazi yoyote mwilini.

Nyingi hazitoki tumboni mwa watu. Zinatoka kwenye karakana zinazopaka vyuma nikeli na kromi, viwanda vya ngozi vinavyotumia chumvi za kromi, watu wanaoyeyusha betri za magari ili wapate risasi, viwanda vya rangi, na kliniki zinazoziba meno kwa mchanganyiko wenye zebaki. Zinki hutoka pia kwenye mabati na kwenye matairi yanayosagika barabarani. Shaba hutoka kwenye mabomba na breki. Mvua ikinyesha, na mifereji ya barabara ikiwa imeunganishwa na bomba la majitaka, vyote hivyo huelekea mtamboni. Mtambo husafisha maji kwa kuzamisha uchafu. Maana yake ni kwamba maji yakitoka yakiwa safi, metali zimehamia kwenye tope.

Tope la vyoo vya shimo ni sawa na tope la mtambo wa mji?

Hapana, na hii ndiyo tofauti ninayotamani kila mnunuzi aijue. Tope linalonyonywa kwenye vyoo vya shimo na matangi ya mtaa wa makazi huwa na metali kidogo, kwa sababu chanzo chake ni chakula tulichokula. Hatari yake kubwa ni mayai ya minyoo na vimelea vingine. Tope la mtambo unaopokea bomba la eneo la viwanda ni jambo lingine kabisa. Majitaka mengi ya Nairobi, ya nyumbani na ya viwandani pamoja, huishia kwenye mabwawa ya Dandora yaliyoko Ruai. Tope la mahali pa namna hiyo halipaswi kupewa mkulima kwa kutazamwa tu. Linapaswa kupimwa shehena kwa shehena.

Lakini hata choo cha shimo kina hadhari yake. Kwenye mitaa isiyo na huduma ya kuzoa taka, watu hutupa betri za tochi, vipande vya vifaa vya umeme na makopo ya rangi shimoni. Magari ya kunyonya nayo hayachagui: asubuhi nyumbani kwa mtu, mchana gereji. Muulize dereva amenyonya wapi.

Mazao yangu yanastawi tangu nianze kuweka tope. Tatizo liko wapi?

Yanastawi kwa sababu ya naitrojeni na fosforasi, na ustawi huo ni wa kweli. Ila haukuambii chochote kuhusu kadimi. Zinki, shaba na nikeli zikizidi sana huidhuru mimea yenyewe: majani hugeuka njano, mizizi hudumaa, na mkulima hushtuka mapema. Kadimi haifanyi hivyo. Mchicha unaweza kuwa na kadimi inayozidi kiwango cha kuliwa huku ukiwa wa kijani kibichi na wenye majani mapana, na hakuna mnunuzi atakayeugundua kwa macho, kwa harufu wala kwa ladha. Ndiyo sababu ninaiogopa kadimi kuliko metali nyingine zote kwenye orodha hii.

Nikilianika vizuri au nikaligeuza kuwa mboji, metali zinapungua?

Zinaongezeka kwa kila kilo. Kugeuza mboji ni kazi nzuri na ninaihimiza, kwa sababu rundo likipata joto la kutosha huua mayai ya minyoo na bakteria. Lakini wakati huohuo mabaki ya viumbe yanaoza na kuondoka kama hewa, rundo linapungua, na metali zilizokuwemo zimebaki zilezile ndani ya rundo dogo zaidi. Ukilichoma tope, jivu lake litakuwa na mkusanyiko mkubwa zaidi. Ukichanganya na samadi au pumba, kiasi kwa kilo kitashuka, ila idadi ya gramu zinazoingia shambani haijabadilika kama utaweka mchanganyiko wote.

Metali hukaa kwenye udongo kwa muda gani?

Tuna jibu kutoka kwenye shamba lililofuatiliwa kwa miongo mingi. Woburn, Uingereza, kituo cha utafiti cha Rothamsted kiliweka tope la majitaka kwenye vipande vya shamba la mboga kuanzia 1942 hadi 1961, kisha kikaacha. Watafiti waliporudi kupima miaka 20 na zaidi baadaye, sehemu kubwa ya metali ilikuwa bado kwenye tabaka la juu la udongo, palepale jembe linapopita. Kilichohama kilikuwa kimesukumwa pembeni na majembe ya trekta zaidi ya kuzama chini.

Afrika tunao mfano wa Harare. Mashamba ya malisho ya Firle, yanayopokea majitaka na tope la mji, yalipimwa na watafiti wa Zimbabwe baada ya miaka mingi ya matumizi, wakakuta zinki, shaba, nikeli na risasi zimerundikana kwenye tabaka la juu. Udongo wa huko ni tifutifu yenye mfinyanzi, na mvua ni za kitropiki. Wanaodhani mvua zetu zitazisuuza metali hizi zipotee wautazame mfano huo.

Kisha kuna tambarare ya Pierrelaye, karibu na Paris. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 majitaka ya jiji yalimwagiliwa huko, na mboga zake zikaulisha mji kwa karibu miaka 100. Mwishoni mwa miaka ya 1990 udongo ulionekana umejaa metali kiasi kwamba kilimo cha mboga kikapigwa marufuku. Sasa tambarare hiyo inageuzwa msitu. Familia zilizorithi bustani bora kabisa zimebakiwa na ardhi isiyoruhusiwa kuotesha hata karoti.

Kuna namna ya kulifanyia hesabu shamba langu?

Ipo, na kila anayenunua tope anaweza kuifanya kwa kalamu.

Chukua ekari moja. Udongo wa juu, zile sentimita 20 zinazolimwa, una uzito wa takriban tani 1,050. Tuseme una kadimi miligramu 0.3 kwa kilo, kiasi cha kawaida kwa udongo ambao haujachafuliwa. Unaweka tani 4 za tope kavu kila mwaka.

Tope likiwa na kadimi miligramu 5 kwa kilo, unaingiza gramu 20 kwa mwaka, na udongo unapanda kwa takriban miligramu 0.02 kwa kilo. Kufika miligramu 1 kwa kilo, kikomo cha chini cha Ulaya kwenye udongo, kutachukua zaidi ya miaka 35. Tope likiwa na miligramu 25 kwa kilo, unaingiza gramu 100 kwa mwaka, udongo unapanda kwa karibu miligramu 0.1, na miaka 7 inatosha kukufikisha hapohapo. Malundo hayo mawili ukiyaweka sambamba, macho hayatayatofautisha.

Sasa tazama upande wa kutoka. Ekari ikitoa tani 8 za mchicha wenye kadimi miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mboga mbichi, mavuno yote yanaondoa gramu 0.8. Kuzitoa gramu 100 za mwaka mmoja kunahitaji mavuno 125. Na mavuno hayo yote yamepita vinywani mwa watu.

Nimesikia metali huharibu maharage hata kabla hazijamfikia mtu. Ni kweli?

Ni kweli, na jambo hili halisemwi vya kutosha kwa watu wanaoishi kwa maharage, kunde na choroko.

Mikunde hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi. Kwenye vipande vya Woburn vilivyowekwa tope, klova, jani la malisho la jamii ya mikunde, ilidumaa. Watafiti walipochunguza udongo walikuta bakteria wa vinundu wamebaki wa aina moja tu, na aina hiyo ilitengeneza vinundu visivyofanya kazi. Wale wenye uwezo wa kufunga naitrojeni walikuwa wametoweka. Kilichowashtua wengi ni kwamba baadhi ya metali hizo zilikuwa karibu na vikomo vilivyoruhusiwa na sheria, siyo mbali juu yake. Uingereza baadaye ilishusha kikomo chake cha ushauri cha zinki kwenye udongo kutoka miligramu 300 hadi 200 kwa kilo.

Unaweza kufanya uchunguzi mdogo mwenyewe. Maharage yakianza kutoa maua, chimba miche kadhaa pole pole kwa jembe, usiing'oe, kisha osha mizizi na upasue vinundu kwa wembe. Kinundu chenye rangi ya waridi au nyekundu ndani kinafanya kazi. Cheupe au cha kijani hakifanyi. Tahadhari: vinundu hukosekana pia kwa sababu ya uchachu wa udongo, upungufu wa fosforasi, au kwa kuwa shamba halijawahi kuwa na bakteria wanaofaa. Kwa hiyo vinundu vibovu ni sababu ya kwenda kupima udongo, siyo hukumu.

Uchachu wa udongo unahusikaje?

Unahusika kuliko karibu kitu kingine chochote unachoweza kukibadilisha. Uchachu hupimwa kwa pH: namba ikishuka, uchachu umeongezeka. Kwenye udongo wenye pH ya 6.5 au 7, kadimi, zinki na nikeli hushikwa na chembe za udongo. Ukishuka hadi 5.5 na chini ya hapo, huachiliwa na mizizi huzinyonya. Shamba lilelile, lenye metali zilezile, linaweza kutoa mboga salama mwaka huu na mboga mbaya miaka kadhaa baadaye kwa sababu tu udongo umechachuka. Na tope lenyewe huchangia: naitrojeni yake ikibadilika kuwa naitreti, udongo huongezeka uchachu. Urea na mbolea nyingine za amonia hufanya vivyo hivyo.

Kanuni za Uingereza za 1989 zinakataza tope kwenye udongo wenye pH chini ya 5. Mashamba yetu mengi ya nyanda za juu zinakostawi chai na kahawa yako karibu na hapo, mengine yako chini ya hapo. Kwa mashamba hayo jibu langu ni moja: chokaa ya kilimo kwanza, kipimo cha pili cha pH, kisha ndipo mazungumzo ya tope yaanze. Arseniki ndiyo inayokwenda kinyume, kwani chokaa inaweza kuifanya inyonyeke zaidi. Ndiyo maana hupaswi kumwaga chokaa bila kujua ni metali ipi iliyo shambani.

Je, mabaki ya viumbe kwenye tope hayazishiki metali milele?

Wataalamu wamebishana sana juu ya hili. Murray McBride wa Chuo Kikuu cha Cornell aliandika mwaka 1995 akihoji kama kanuni za Marekani zinalinda vya kutosha, hasa kwa kuwa mabaki ya viumbe yanayoshika metali huoza hatimaye. Upande wa pili, Rufus Chaney wa Idara ya Kilimo ya Marekani alisisitiza kwamba chuma na alumini zilizomo kwenye tope huendelea kuzishika metali hata baada ya mabaki hayo kuoza. Kwa mtazamo wangu pande zote mbili zinaeleza kitu cha kweli, na kinachoamua ni pH ya shamba na ubora wa tope. Ila kwetu joto hufanya mabaki ya viumbe yaoze haraka kuliko Ulaya, kwa hiyo nisingeweka matumaini yangu kwenye kinga hiyo.

Ni mazao gani hunyonya zaidi?

Mboga za majani zinatangulia: spinachi, mchicha, saladi, majani ya figili. Karoti na mazao mengine ya mizizi yanafuata, hasa yakiliwa na maganda. Karanga na alizeti hukusanya kadimi kwenye mbegu kuliko mkulima anavyotarajia. Tumbaku huikusanya kwa wingi mno kwenye majani, ndiyo maana wavutaji wana kadimi nyingi mwilini. Nyanya, matikiti, matango na punje za mahindi hupitisha kidogo.

Mpunga una tabia yake. Jaruba likiwa limejaa maji, kadimi hufungwa lakini arseniki hufunguka. Likikaushwa kabla ya kuvuna, mambo hugeuka.

Nikiosha mboga vizuri na kuzipika, je?

Osha, tena kwa maji mengi. Risasi hainyonywi sana na mizizi. Nyingi huja kama vumbi na matope yaliyogandia kwenye majani, na hiyo huondoka kwa kuoshwa. Kadimi iko ndani ya jani. Haiondoki kwa kuosha, na moto wa jikoni hauiharibu.

Madhara kwa binadamu ni yapi?

Kadimi hujikusanya kwenye figo na huchukua miaka 10 hadi 30 nusu yake tu kutoka. Huharibu figo pole pole, kisha mifupa, na inatambuliwa kuwa inasababisha saratani. Mtu mwenye upungufu wa chuma mwilini huinyonya zaidi, kwa hiyo wanawake, na hasa wajawazito wenye upungufu wa damu, wako hatarini kuliko wanaume wanaokula chungu kimoja nao. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Mfano mkubwa wa kadimi shambani ulitokea Japani, bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama. Chanzo chake hakikuwa tope la majitaka. Kilikuwa maji ya mgodi wa Kamioka yaliyomwagilia mpunga. Wanawake wa umri mkubwa walivunjika mifupa kwa harakati ndogo tu, kwa maumivu makali. Serikali iliutambua ugonjwa huo mwaka 1968 kuwa umetokana na uchafuzi. Kazi ya kuurejesha udongo wa majaruba yale ilikamilika 2012, baada ya zaidi ya miaka 30. Viwango vya shamba lililowekwa tope kwa kawaida viko mbali chini ya vile vya Jinzu. Ninautaja kwa sababu unaonyesha njia yenyewe: maji, udongo, punje, figo.

Na mifugo?

Ng'ombe anapochunga humeza udongo pamoja na nyasi, na tope lililonata kwenye majani huingia moja kwa moja. Kadimi hukaa zaidi kwenye figo na maini kuliko kwenye nyama. Kondoo hawavumilii shaba nyingi. Ulaya inataka zipite angalau wiki 3 kati ya kuweka tope na kuingiza mifugo malishoni.

Mboga za kando ya Msimbazi zinahusika na habari hii?

Kwa sehemu. Utafiti uliochapishwa 1999 ulipima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ukakuta kadimi, risasi, shaba na zinki ndani yake. Pale njia ni maji ya mto na mafuriko yanayoacha matope bustanini. Metali zikishafika kwenye udongo hufuata kanuni zilezile, na ushauri wa pH, aina ya zao na kuosha mboga unafaa vilevile.

Sheria za nchi nyingine zinasemaje?

Zinatofautiana kwa kiasi kinachoshangaza. Maelekezo ya Ulaya ya Juni 1986 yanaweka vikomo kwenye udongo wenyewe: kadimi miligramu 1 hadi 3 kwa kilo, risasi 50 hadi 300, zinki 150 hadi 300, shaba 50 hadi 140, nikeli 30 hadi 75, zebaki 1 hadi 1.5. Yanakataza pia tope kwa miezi 10 kabla ya kuvuna matunda na mboga zinazogusa udongo na kuliwa mbichi. Kanuni ya 503 ya Marekani, ya 1993, inaruhusu jumla ya kilo 39 za kadimi kwa hekta. Ukizigawanya kwenye udongo wa juu wa hekta hiyo unapata takriban miligramu 15 kwa kilo, mara 5 hadi 15 ya kikomo cha Ulaya. Uswisi ilifunga mlango kabisa 2006: tope la majitaka haliendi shambani. Jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku 2022, ingawa huko sababu ilikuwa kemikali za viwandani ziitwazo PFAS, ambazo nazo haziozi.

Kwa udongo wetu wenye uchachu, na kwa watu wanaokula mboga za majani karibu kila siku, mimi ningeshika vikomo vya chini vya Ulaya. Tanzania inazo kanuni zake za viwango vya ubora wa udongo za 2007. Afisa mazingira wa halmashauri anapaswa kuweza kukuonyesha nakala.

Mbolea za dukani hazina metali?

Zinazo. Miamba ya fosfeti hubeba kadimi, mingine kidogo, mingine nyingi. Tangu Julai 2022 Ulaya inataka mbolea za fosfeti zisizidi miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfeti, ikihesabiwa kama P2O5. Kwa hiyo tope safi la makazi linaweza kuwa bora kuliko mbolea mbaya ya mfukoni. Jambo ni kupima.

Nipime wapi, na vipi?

Maabara zipo kwenye vituo vya utafiti wa kilimo na kwingineko. Tanzania kuna TARI Mlingano, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali; Kenya kuna KALRO Kabete; Uganda kuna maabara ya NARO, Kawanda. Piga simu kwanza uulize kama wanapima metali unazozitaka na kwa bei gani. Sema wazi kwamba unataka metali nzito kwa jumla yake pamoja na pH. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakikupi kadimi.

Chota udongo sehemu 15 hadi 20, ukitembea kwa mkato wa zigizaga, kina cha sentimita 20. Tumia ndoo ya plastiki; ndoo ya bati itaongeza zinki kwenye sampuli. Changanya, kausha kivulini, peleka nusu kilo. Chukua pia sampuli mahali ambapo hapajawahi kuwekwa tope, ili ujue udongo wa asili wa eneo lako ulikuwa na nini. Bila sampuli hiyo, namba utakayopewa ni ngumu kuifasiri. Wanaogawana gharama kama kikundi hufanya vizuri: tope la shehena moja likienda mashamba manane, kipimo kimoja cha tope kinawatosha wote.

Majibu yamekuja mabaya. Nifanye nini?

Acha tope. Pandisha pH hadi karibu 6.5 kwa chokaa, kama arseniki siyo tatizo lako. Endelea kuweka samadi au mboji safi, maana husaidia kuzishika metali. Badilisha zao: toa spinachi na karoti, weka mahindi, nyanya au matikiti, na upime mavuno ya kwanza. Kwa mboga za majani, viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, ni kadimi miligramu 0.2 na risasi 0.3 kwa kilo. Udongo ukiwa mbaya mno, hamia kwenye kisichokwenda mdomoni: mkonge, pamba, miti ya mbao, maua.

Kuna watu huuza wazo la mimea inayosafisha udongo. Ipo mimea inayokusanya metali kwa wingi kweli, lakini hukua pole pole, kazi huchukua miaka mingi, na majani yake yaliyojaa kadimi yanahitaji mahali pa kutupwa. Kwa mkulima wa ekari 2 anayelipa ada ya shule, sioni kama ni njia ya leo.

Mamlaka za maji zifanye nini?

Zizuie kiwandani. Ulaya na Marekani metali kwenye tope zilishuka sana tangu miaka ya 1970, na sababu kubwa ni kwamba viwanda vililazimishwa kuyasafisha maji yao kabla ya kuyaingiza kwenye bomba la mji. Hakuna mtambo ulio na njia nafuu ya kuitoa kadimi kwenye tope ikishaingia. Karakana moja ya kupaka nikeli isiyokaguliwa inaweza kuliharibu tope la mji mzima. Pili, kila shehena inayouzwa itoke na karatasi ya vipimo. Tatu, mtambo uweke daftari la mashamba yaliyopokea tope na kiasi chake, kwa sababu mtu atakayeinunua ardhi hiyo miaka 30 ijayo ana haki ya kujua.

Nimeshalipa, tope limeshafika, na halina karatasi yoyote. Nifanyeje?

Usilitawanye. Lirundike mahali palipoinuka, mbali na kisima na mfereji, juu ya turubai ukiweza, na ulifunike mvua isilisombe. Chota vijiko vingi kutoka sehemu tofauti za rundo, changanya, peleka nusu kilo maabara. Majibu yakiwa mazuri utalitumia msimu ujao, na kwa kukaa huko minyoo nayo itakuwa imepungua. Yakiwa mabaya, nakala ipeleke kwa aliyekuuzia na kwa afisa mazingira, na umtake muuzaji alichukue. Rundo linaweza kupakiwa tena kwenye lori. Likishalimwa ndani ya udongo, haliwezi.